Usingizi wa Mshiriki wa Arobaini na Moja

Efrazia alikuwa ameshaifikia saa ya mkononi ya thelathini na nane. Kila moja aliifuta mgongo kwa pamba yenye spiriti, akaichomeka kwenye waya wa kompyuta, akasubiri taa ya kijani, kisha akaandika namba yake daftarini kwa wino wa bluu. Wino mwekundu ulikuwa wa makosa, na kalamu hiyo ilikuwa bado mpya, kwa sababu utafiti huu haukuwahi kuwa na makosa. Saa zenyewe hazikuonyesha wakati. Zilikuwa mikanda myeusi ya mpira yenye kidude cha kupima mtikisiko wa mkono. Mkono ukitikisika, mtu yuko macho; ukitulia, amelala. Ndivyo kilivyosema kijitabu cha maelekezo ya saa hizo, na kijitabu kiliandikwa na watu waliosoma kuliko Efrazia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nyumbani Maretadu, kwenye meza ileile ya kulia ugali. Wafadhili wangefika Jumanne. Nje ya mlango mama mkwe wake, Mama Paskalina, alikuwa juu ya kigoda akipukuchua mahindi, punje zikidondoka kwenye ungo bila haraka. Kompyuta nayo ilichora mistari yake, ya usiku tu, tangu saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa mchana haukuhesabiwa. Mstari wa mshiriki wa thelathini na nane ulikuwa umenyooka kama barabara mpya: amelala saa mbili usiku, ameamka saa kumi na mbili asubuhi, katikati hakujigeuza hata mara moja. Alikuwa bibi wa miaka sabini mwenye maumivu ya nyonga.

Washiriki wote walikuwa hivyo. Ni watu arobaini na mmoja walionusurika tope lililoshuka kutoka mlima Hanang Jumapili ile ya Desemba, wakahamia kwa ndugu zao Maretadu, Haydom na Tlawi. Utafiti ulitaka kujua wanalala vipi, wanaota nini na akili zao zina hali gani. Baada ya mwaka na nusu jibu lilikuwa limepatikana: wanalala kwa wastani saa tisa na dakika hamsini kila usiku, kuliko watoto wa shule wa nchi zilizoendelea. Zile dakika kumi zilipotelea Jumapili, ambapo wote waliamka mapema kidogo. Daktari Mwita, kiongozi wa utafiti, aliziandikia dakika hizo ukurasa mzima kuhusu imani na ustahimilivu wa watu wa nyanda za juu, akaalikwa kuusoma ukurasa huo katika miji mitatu yenye viwanja vya ndege.

Efrazia aliifikia saa ya arobaini na moja, ya mwisho, akaiinua aifute. Akaisogeza puani. Akainusa tena.

"Mama," aliita, "mbona saa yako inanuka vidonge vya mende?"

"Niliifuta," alisema Mama Paskalina kutoka nje, kama mtu aliyeambiwa sufuria yake ina masizi.

"Ilikuwa imekaa wapi?"

"Kwenye tranka. Ndani ya lile shuka jeupe la harusi yenu." Mikono yake haikuacha kupukuchua. "Haijaguswa na mtu. Hata wewe hukuiona."

"Na usiku je?"

"Usiku ndio hasa. Wezi hutembea mchana, mama Clement?"

Efrazia aliiweka saa mezani taratibu. Taa ya kijani ikawaka, kompyuta ikachora mstari, na mstari ukanyooka. Tranka lilikuwa limelala vizuri sana.

&nbsp;

Kosa lenyewe lilikuwa na mwanzo wa heshima kabisa. Siku ya kugawa saa, mbele ya ofisi ya kijiji, Daktari Mwita alieleza mambo mengi kuhusu ubongo. Watu walimsikiliza kwa adabu. Kisha, ili waelewe kwamba kifaa kile si cha kuchezea watoto, akasema kimoja kina thamani ya mtamba, na kwamba atakayekipoteza atajieleza kwa mtendaji wa kijiji. Kwa wafugaji, hayo ndiyo maneno pekee ya siku ile yaliyoeleweka hadi mwisho. Maelezo ya kukivaa usiku na mchana yalifuata baadaye, wakati kila mtu alikuwa ameshaanza kuwaza mahali pa kukificha. Mtamba haachwi nje. Jua likizama huingizwa ndani, na mlango ukafungwa.

Kwa hiyo walizifungia. Walizivaa Jumapili kwenda misa ya kwanza, kwa sababu kitu cha thamani huvaliwa kanisani, na walizivaa waliposikia pikipiki ya Efrazia ikipanda kilima, kwa kuwa hawakutaka msichana wa watu aonekane hafanyi kazi. Katika mwaka na nusu, Efrazia hakumkuta mshiriki hata mmoja bila saa mkononi. Jambo hilo aliliandika kwenye ripoti kama mafanikio.

Mchana wa Jumamosi hiyo Gidion, mume wake, alirudi kutoka masomo ya ziada shuleni na furushi la madaftari ya kusahihisha. Alikuwa mwalimu wa sayansi, mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyatumia darasani. Efrazia alimvuta jikoni akamuuliza kama mama yake analala.

"Halali," alisema Gidion.

"Tangu lini?"

"Tangu alipofika hapa. Mvua ikinyesha anakaa kitandani na viatu miguuni. Isiponyesha anazunguka anashika kuta."

Efrazia alifanya kazi Haydom na kupanga chumba huko, akirudi nyumbani Ijumaa jioni. Siku hizo mbili za mwisho wa wiki mama mkwe alijilazimisha kutulia asimsumbue mkwe aliyechoka. Chumbani kwa mama mkwe Efrazia hakuingia, kwa kuwa mkwe mwenye adabu haingii. Hivyo mtaalamu wa usingizi alikuwa amelala ukuta mmoja na mgonjwa wake kwa miezi kumi na minane, wote wawili wakiheshimiana.

"Kwa nini hukuniambia, baba Clement?"

Gidion alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nikuambie nini? Wewe ndiye mwenye mashine."

&nbsp;

Efrazia hakuanza na mashine. Alianza kama mhudumu wa wodi, akibadilisha mashuka, na katika kubadilisha mashuka aligundua kwamba wagonjwa wanaopiga kelele usiku huandikwa "mkorofi" kwenye faili. Akaanza kuuliza waliota nini. Alisoma vitabu alivyoazima, ukurasa kwa ukurasa, akiwa na kamusi pembeni. Daktari Mwita alipohama kutoka utafiti wa malaria kwenda utafiti wa usingizi, baada ya fedha za malaria kuisha na za usingizi kufika, alimkuta mwanamke huyu ana madaftari manne ya ndoto za watu. Akamwajiri siku ileile. Katika makala yake ya kwanza alimshukuru mwishoni kabisa, baada ya dereva, jina lake likiwa limekosewa herufi mbili.

Sasa mambo yalikuwa yanamnyookea. Jumanne wafadhili wakiridhika, Daktari angetia saini fomu ya Efrazia ya kwenda kusoma shahada ya uzamili, na makala inayofuata ingekuwa na jina lake juu, pamoja na wenye vyeo. Fomu ilikuwa imeshajazwa. Kilichobaki ni saini.

Lakini Jumanne hiyohiyo kulikuwa na jambo la pili kwenye ajenda. Kila Alhamisi, kwenye ukumbi mdogo wa kanisa, mshauri aitwaye Mectilda alikutana na walionusurika wa Maretadu na Haydom, na kila Jumatano wale wa Tlawi. Walikaa kwenye mabenchi, wakavuta pumzi, wakazungumza au wakanyamaza. Kwa kuwa takwimu zilionyesha watu hawa wamepona kuliko watu wasiougua, ilipendekezwa vikundi hivyo vifungwe, na fedha zake zijenge kituo cha umahiri wa usingizi Haydom. Kingekuwa na vitanda kumi.

Efrazia alimpigia Daktari simu. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si wakubwa wote hulifanya, kisha akauliza kama ni saa moja tu. Efrazia akasema mpaka sasa ni moja.

"Basi hilo ni tukio," alisema Daktari. "Tukio moja si takwimu. Wewe mwenyewe umelisoma hilo."

Efrazia akasema angeweza kuwauliza wengine.

"Efrazia, ukiuliza utajibiwa. Na jibu likija kesho, mimi Jumanne nalipeleka wapi?"

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewalipia nauli wagonjwa wengi kutoka mfukoni mwake, na hakuwahi kumtangazia mtu. Aliongeza kwa upole kwamba ile fomu anayo kwenye mkoba, na kwamba mambo ya saa yanaweza kuandikwa vizuri tu chini ya kichwa cha changamoto, ukurasa wa mwisho, ambako wasomaji hufika wakiwa wamechoka.

&nbsp;

Jumamosi jioni dereva wa utafiti alizirudisha saa kwa wenyewe, na Jumapili, baada ya misa, Efrazia alimsogelea Ludovika, mama mnene mcheshi aliyekuwa mshiriki wa kumi na mbili. Alimwamkia, akauliza habari za nyumbani, za mifugo, za mguu unaouma, na mwisho, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu, akauliza saa yake usiku inakaa wapi.

"Kwenye debe la maharage," alisema Ludovika. "Chini kabisa. Ulitaka tuilalie tuivunje?"

"Na wewe unalala?"

"Mimi nalala kama kuku. Nikisikia gari kubwa barabarani nimeshafika mlangoni." Alicheka, akaacha ghafla. "Lakini mimi nafuu. Mama mkwe wako ndiye wa kuhurumiwa. Yeye ana Alhamisi tu."

Efrazia hakuelewa.

"Hujui? Mectilda akianza tu kutuambia tuvute pumzi, mama yule ameshakwenda. Ananilalia begani mpaka mkono unakufa ganzi. Saa mbili nzima. Sisi tunanong'ona tusimwamshe, hata kuimba tumeacha." Ludovika alijishika bega la kushoto kana kwamba bado lina uzito. "Wewe si ndiye mtaalamu? Nilifikiri ni dawa mliyompa."

Efrazia alitoa daftari palepale uwanjani pa kanisa. Akachora safu mbili, moja ya namba na moja ya mahali saa inapolala. Kwa mara ya kwanza akafungua kalamu nyekundu. Mchana huo alipita nyumba tisa, Jumatatu akapita kumi na mbili, zote za Maretadu na Haydom. Kila nyumba alikaribishwa chai, na kila nyumba alionyeshwa kwa fahari mahali saa inapolala. Moja ilikuwa ndani ya Biblia iliyokatwa katikati, jambo ambalo mwenye nyumba aliomba padri asiambiwe. Moja ilifungwa kwenye pembe ya paa la nyumba. Nne zilikuwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, Bonaventura, aliyezifungia kwenye droo ya ofisi kwa usalama wa wananchi. Akatoa na orodha ya makabidhiano yenye mhuri. Kwa hizo nne, kitongoji kizima kilikuwa kimelala ndani ya droo moja kwa mwaka na nusu, bila ugomvi.

&nbsp;

Jumatatu jioni Efrazia alirudi nyumbani akamkuta Daktari Mwita sebuleni. Wafadhili walipenda kuona "nyumba ya kawaida", na nyumba ya mwalimu Gidion ilikuwa ya kawaida kuliko nyingine kwa sababu ilikuwa kando ya barabara na ilikuwa na choo cha kuvuta maji. Daktari alikuwa amekagua choo. Alikuwa ameomba kalenda ya duka la pembejeo iondolewe ukutani, na kuku wafungiwe. Gidion alikuwa akibeba kuku, mmoja mmoja, bila kusema neno.

Mama Paskalina aliitwa. Daktari akasimama, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo uliamkaje?"

"Salama."

Daktari alimgeukia Efrazia akafungua viganja, kama wakili aliyemaliza ushahidi. Kwenye fomu zao, swali la kwanza lilikuwa hilohilo, na washiriki wote arobaini na mmoja walikuwa wamelijibu hivyohivyo, kwa kuwa hakuna mtu aliyelelewa vizuri anayemjibu mgeni salamu kwa kumtwisha shida zake.

"Kesho mgeni atakuuliza unalalaje," Daktari alimwambia mama. "Wewe jibu kwa kawaida yako tu. Usiogope."

Alipoondoka, Efrazia alikaa chini kwenye mkeka karibu na mama mkwe, akavuta hindi, akaanza kupukuchua naye. Kisha Mama Paskalina akauliza, bila kumtazama, kama ni kweli kazi ya Efrazia ina shida. Gidion alikuwa amemdokeza.

"Kidogo, mama."

"Kwa sababu ya mimi kuweka kitu kwenye tranka."

"Hapana, mama. Kwa sababu yetu sisi. Hatukuuliza vizuri."

Mama Paskalina alilizungusha gunzi mkononi. "Sasa niambie, mama Clement. Huyo mgeni kesho nimwambie nini ili wewe usiharibikiwe? Nitasema. Uongo wa kumsaidia mtoto, padri huwa haupi uzito sana."

Efrazia alitupa gunzi tupu kando. Akasema tu aseme anachotaka.

"Ninachotaka." Mama alifikiri. "Asubuhi ile mimi nilikuwa nimeamka kukama. Mzee wangu, Sebastiani, alikuwa amelala. Niliyeamka nipo. Aliyelala tulimpata siku ya tatu." Aliangusha punje kwenye ungo. "Halafu ninyi mkaja kuniletea saa ya kuhesabu nalala kiasi gani. Nikasema sawa, hawa watoto wamesoma, nitaitunza saa yao."

Alisema bila uchungu, kama anayeeleza njia ya kwenda mnadani. Kisha akauliza kama wageni wanakula makande, au hao ni wa wali.

&nbsp;

Wageni walikuwa wa wali. Walifika saa nne kwa magari mawili: Bi Violeth, afisa wa mfuko wa ufadhili kutoka Dodoma, mwanamke wa makamo mwenye miwani na daftari dogo, na bwana mmoja kutoka nje ya nchi, aliyetabasamu kila alipoangaliwa. Wanawake wa kikundi cha Alhamisi walikuwa wamealikwa kuimba wimbo mmoja wa kushukuru kupona. Walikaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani, saa mikononi, mikanda ikiwa bado na mikunjo ya mahali ilipofichwa.

Hapakuwa na kitambaa cha kuonyeshea picha. Mama Paskalina, aliyependa wageni wapate kitu kizuri, alikwenda chumbani akarudi na shuka jeupe la harusi, likatundikwa ukutani kwa misumari miwili. Mapazia yakafungwa. Projekta ikawaka, na sebule ikajaa harufu ya vidonge vya mende. Bi Violeth alijifuta pua kwa kitambaa, kwa heshima.

Daktari Mwita alikuwa na sauti nzuri, nzito na ya polepole, sauti ambayo miji mitatu iliwahi kuipigia makofi. Alianza na milima. Akaja kwenye tope, akainamisha kichwa, wote wakainamisha. Kisha mistari ikaanza kupita kwenye shuka, mmoja baada ya mwingine, yote imenyooka. Alieleza utulivu wa kina. Alieleza hekima ya jamii. Gizani, kwenye benchi la pili, Mama Paskalina aliegemea bega la kushoto la Ludovika. Kwenye mstari wa tano akaanza kukoroma.

Mtu mmoja alicheka kidogo. Daktari akakatiza maneno, akaona, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeletewa zawadi asiyoitarajia.

"Waheshimiwa," alisema kwa kunong'ona, "naapa hili sikulipanga. Huyu ndiye mshiriki namba arobaini na moja. Mume alichukuliwa na tope. Nyumba ikaenda. Mtazameni."

Walimtazama. Bwana wa kutoka nje akainua simu akapiga picha. Mdomo wa Mama Paskalina ulikuwa wazi, kilemba kimesogea, mate kidogo kwenye gauni la Ludovika. Gidion, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la soda, alitazama viatu vyake.

Bi Violeth hakucheka wala hakupiga picha. Alimgeukia Efrazia. "Huyu si ndiye mama mkwe wako?"

"Ndiye."

"Kila siku analala hivi?"

Lilikuwa swali la kawaida, lililoulizwa kwa sauti ya kawaida. Daktari alimtazama Efrazia, na mkono wake, pengine bila yeye kujua, ulikuwa juu ya mkoba wenye fomu. Ilitosha kusema ndiyo. Hata kutabasamu kungetosha.

"Hapana," alisema Efrazia. "Huwa analala Alhamisi."

"Alhamisi?"

"Mchana, kwenye kikundi cha Mectilda. Leo amelala kwa sababu Ludovika yuko pembeni yake na mtu anaongea polepole. Usiku halali." Akaelekeza kidole ukutani. "Kilicholala usiku ni saa. Ilikuwa imefungwa ndani ya hilo shuka mnalolitazama."

Wote walitazama shuka. Mstari wa mshiriki wa tano ulikuwa bado umenyooka juu yake, ukipita katikati ya mkunjo wa pasi.

Efrazia alifungua daftari. Sauti yake haikuwa kubwa, na alisoma kama anavyosoma kila kitu, mstari kwa mstari. Namba mbili, kwenye chungu cha mbegu. Namba tatu, ndani ya Biblia. Namba tano, chini ya godoro, na juu ya godoro hakuna anayelala. Namba sita hadi tisa, kwenye droo ya mwenyekiti. Alipofika namba kumi na mbili, Ludovika aliinua mkono usioegemewa akasema maharage yenyewe ameshayauza, sasa saa iko kwenye unga. Jumla zilikuwa ishirini na tatu, pamoja na ya mama mkwe na ya Ludovika. Hakuna saa hata moja iliyolala mkononi mwa mtu.

Mwanamke mmoja wa benchi la mbele aliuliza kwa wasiwasi kama watajieleza kwa mtendaji. Bi Violeth akamwambia hapana, mama, hamjapoteza kitu. Aliandika maneno machache kwenye daftari lake dogo, akavua miwani.

"Na waliobaki?"

"Wako Tlawi. Kumi na wanane. Sijafika."

"Basi mimi siwezi kufunga vikundi vya watu kwa ushahidi wa tranka na madebe," alisema Bi Violeth. "Viendelee mpaka orodha hiyo ikamilike. Ikikamilika niletee, tuone tunaanza upya vipi."

Daktari Mwita alikuwa amekaa. Kwa muda alionekana kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto nzuri. Lakini hakukaa miaka ishirini kwenye utafiti bure. Kabla wali haujapakuliwa alikuwa ameshasimama pembeni mwa bwana wa kutoka nje, akimweleza kwamba uhusiano wa wafugaji na vifaa vya kisayansi ni eneo lisiloandikwa bado, na kwamba yeye alikuwa amelihisi tangu mwanzo. Alimwomba Efrazia daftari alipige picha. Efrazia akasema bado halijaisha. Wakati wa kuagana Daktari alimpa mkono, akasema mambo ya ile fomu watayazungumza hali ikitulia. Mkoba ulikuwa umefungwa zipu.

Mama Paskalina aliamka magari yakiondoka. Aliaibika sana. Aliuliza kama mgeni alimuuliza lile swali, na kama alijibu vizuri. Ludovika, akijinyoosha mkono uliokufa ganzi, alimwambia alijibu kuliko wote.

&nbsp;

Saa kumi jioni nyumba ilikuwa imerudi kuwa ya kawaida kweli. Kuku waliachiwa. Gidion alirudisha kalenda ya pembejeo ukutani, akasimama mbele yake kidogo, akamwambia mkewe kwamba shahada ilikuwa kitu kizuri. Efrazia akakubali kwamba ilikuwa. Gidion akaenda kurudisha mabenchi kanisani.

Shuka lilifuliwa likaanikwa. Efrazia alimfunga mama mkwe saa mkononi, akaulegeza mkanda tundu moja usimbane.

"Nilale nayo?"

"Ukae nayo tu. Ulale usilale."

"Na ikipotea?"

"Ikipotea ipotee, mama. Nitajieleza mimi."

Mama Paskalina aliugeuza mkono huku na huku, akiwa na mashaka na mtu anayezungumzia mtamba namna hiyo. Kisha akavuta ungo. Gunia la mahindi lilikuwa bado nusu, na Efrazia akakaa mkekani amsaidie, daftari likiwa limefunguliwa kando ya goti. Namba ishirini na nne alikuwa ameshaiandika kwa wino mwekundu. Mbele yake palikuwa wazi.

Ludovika, ambaye hakuwa na haraka ya kurudi kwake, aliinama akasoma. "Mama wa Dodoma amesema Alhamisi ipo mpaka orodha iishe?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi wewe nawe usiwe na mbio za kuimaliza."

Efrazia akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, akasema kazi ni kazi, kesho alfajiri yuko kwenye basi la Mbulu, na kufika Tlawi ni saa tano asubuhi. Mama Paskalina alipukuchua safu nzima ya hindi.

"Watu kumi na wanane ni wengi kwa siku moja," alisema. "Kila mtu msalimie vizuri. Ukipewa chai, kunywa. Wakishamaliza kukuambia salama, ndipo uwaulize."

Kisha akafunga mdomo wa gunia kwa kamba, mahindi mengine yakiwa bado ndani, akayaacha ya kesho.